Mgomba Uliozikwa kwa Jina Langu

Tulipoachana wiki iliyopita, nilikuwa nimeshazikwa.

Kwa wale ambao hawakuwapo mazikoni, nitaeleza kwa ufupi. Mimi ni Bwire, mzaliwa wa Khunyangu, na kazi yangu ni kuchora majengo. Jengo ninalolisimamia sasa ni Makumbusho ya Kale, pale juu Adungosi, katikati ya Busia na Malaba. Upande huu wa mpaka wa Kenya na Uganda hakuna kitu kikubwa kulishinda, ukiacha foleni ya malori.

Nimelichora hivi. Unaingia kwa juu, kwenye ukumbi wa mambo ya juzi, kisha unateremka kwa njia pana inayozunguka. Kila unaposhuka, miaka inarudi nyuma. Reli inakuja, halafu wahunzi, halafu wavuvi wa kwanza wa ziwani. Chini kabisa kuna shimo sakafuni, limefunikwa kwa kioo, na ndani yake amelala mtu wa kale, magoti kifuani, chungu chake kando.

Mtu huyo ni wa plastiki ngumu. Alitengenezewa Nairobi, kwa sababu wa kweli hatukuwa naye.

Lori lililombeba likachelewa, shimo likakaa wazi. Vibarua wangu, Wateso kwa Waluhya, wakaweka sepetu chini wote kwa pamoja. Kaburi lililochimbwa halilali bila mtu. Okedi, msimamizi wa mafundi, akanishauri tufanye kama inavyofanywa: tuzike mgomba. Ila mgomba lazima uzikwe kwa jina la mtu, na hakuna aliyekubali kutoa lake, wala la shemeji yake, wala la jirani aliyemchukia.

"Wekeni langu," nikasema. Nilikuwa na haraka ya kumwaga zege.

Wakaweka. Walichimba kidogo chini ya lile shimo, wakaulaza mgomba, wakalia kwa adabu, wakafukia, wakamwaga zege juu. Nikajiona nimemaliza shida. Kumbe ndiyo kwanza nilikuwa nimeizaa.

*

Kesho yake nilimwambia fundi mmoja kwamba ukuta wa ukumbi wa wahunzi umepinda. Alinitazama kwa heshima kubwa, akavua helmeti, akaishika kifuani. Ukuta hakuugusa.

"Okedi," nikaita, "huyu ana nini?"

"Amekusikia, boss. Lakini hawezi kukujibu, na hawezi kufanya. Si unajua."

"Sijui."

"Marehemu hatumi mtu kazi."

"Okedi, niko hapa. Nimesimama mbele yako. Nimekunywa chai na wewe asubuhi."

"Ni kweli, na ulimaliza chapati yangu. Lakini hawa walikulilia, boss. Mtu hawezi kukulilia jana halafu leo umwambie ukuta umepinda."

"Sasa utanyooshwa na nani?"

Okedi akawageukia mafundi. "Sikizeni. Marehemu alikuwa anataka hii ukuta inyooke."

"Ooh," wakasema, na papo hapo wakaanza kuubomoa.

Niseme ukweli, kazi haijawahi kwenda vizuri namna ile. Nilipokuwa hai walibishana na kila mstari wa mchoro wangu. Nilipokufa, kila neno langu likawa wosia. Okedi alikuwa akinifuata nyuma siku nzima, mimi nikisema kwa sauti ya chini, yeye akitangaza. Ukumbi wa wahunzi ulikamilika kabla ya wakati, na sakafu yake ukiimwagia maji yanakaa palepale.

Mchana mke wangu alinipigia simu. Vivianne ana duka la vitenge Busia mjini, karibu na soko.

"Bwire, hapa dukani kuna akina mama wa kanisa. Wameleta sukari na majani ya chai. Wanauliza mwili uko wapi."

"Waambie niko kazini."

"Nimewaambia. Wamesema mjane akiwa bado mbichi huongea hivyo."

"Sukari ni nyingi?"

"Inatosha."

"Basi wapikie chai."

Nilicheka mpaka Okedi akaja kuona kama niko salama. Nilidhani nitasimulia jambo hili kwenye harusi na watu watashikilia mbavu. Sikujua kwamba habari ya kifo changu ilikuwa imeshapanda pikipiki, imepita Busia, na inakaribia Khunyangu.

*

Siku chache baadaye Quinton alinipigia simu asubuhi. Ni mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi, na huwa hapigi simu kabla ya saa nne.

"Baba ametolewa hospitali," alisema.

"Amepona?"

"Wamesema tumpeleke nyumbani, ale anachotaka."

Kila mtu anajua maana ya kuambiwa mgonjwa ale anachotaka.

"Wamesema ni muda gani?"

"Moyo umechoka, Bwire. Daktari ametaja wiki. Hakutaja miezi."

Niliacha kila kitu. Sikubadilisha hata viatu vya mjengo. Nilipofika kwetu nilimkuta Quinton amesimama langoni, na lango limefungwa kwa ile kamba ya kufungia ndama.

"Fungua," nikasema.

"Siwezi."

"Quinton, fungua lango."

"Ulizikwa, bro."

"Ulizikwa mgomba!"

"Kwa jina lako, na ulilitoa kwa mdomo wako mwenyewe. Watu wa Adungosi wamekuja hapa kutupa pole. Tumekula pole yao. Tungewaambia nini?"

"Wewe unafundisha sayansi."

"Nafundisha gredi ya sita. Hii si ya gredi ya sita."

Kisha akasogea karibu na kushusha sauti, na uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo.

"Sikiza. Mtu aliyezikwa akiingia kwa boma na miguu yake, anaingia kutafuta wa kutoka na yeye. Na hapa mgonjwa ni nani? Sema ukuje ndani leo, halafu Baba aende kesho. Wewe utasema ni moyo. Hata mimi nitasema ni moyo. Mama atasema ni nani? Utaweza kuishi na hiyo?"

Nimesoma, nimesafiri, nimejenga maghorofa yenye lifti, na pale langoni niliishika ile kamba ya ndama, nikaiachia bila kuifungua.

Juu ya bega la Quinton nilimwona Baba. Alikuwa ameketi nje ya mlango wa nyumba, amevaa lile koti lake zito juani, miguu imevimba hata viatu havimtoshi. Alikuwa akinitazama. Akamwashiria Quinton, Quinton akaenda, wakanong'ona, akarudi.

"Anauliza, huyo mtu amekula?"

"Mwambie sijala."

Quinton akaenda tena, akarudi.

"Anasema Mama atakuletea hapo nje."

Mama alileta ugali na kuku kwenye sahani ya bati. Akaipitisha chini ya lango, akaiacha ardhini, akageuka bila kunitazama. Nilimwona akijifuta macho kwa leso akirudi jikoni. Nikala nimechuchumaa kando ya barabara, wapita njia wakinisalimia, "Mulembe," halafu wakiharakisha mwendo. Kuku alikuwa mtamu. Roho iliniuma kuliko siku yoyote niliyowahi kuishi.

"Nifanye nini?" nilimuuliza Quinton nikiosha mikono.

"Mgomba utolewe. Autoe baba aliyekuzaa, kwa mkono wake. Aushike, akuite jina, auvute. Ukishatoka tunachinja kondoo na unaingia ndani kama kawaida. Mpaka hapo hawezi kuongea na wewe. Hata jina lako hawezi kulitaja."

"Na akiwa hana nguvu ya kuvuta?"

"Ni mgomba, Bwire. Saa hii umeoza. Hata mtoto atavuta."

Tatizo halikuwa mgomba. Tatizo lilikuwa kilichokuwa juu yake: zege, juu ya zege yule mtu wa plastiki, ambaye lori lilikuwa limeshamleta, na juu ya mtu wa plastiki kile kioo.

*

Mwenyekiti wa bodi yetu ni Mama Gaudencia. Si mtu wa maneno mengi.

"Mama, nataka kuvunja chini ya lile shimo."

"Ufunguzi ni Jumamosi, Bwire."

"Najua."

"Kuna kasoro?"

"Iko."

"Ya kiufundi?"

"Ya kifamilia."

Nilisikia akivuta pumzi. "Kile kioo kilitoka ng'ambo, kipande kimoja. Hakuna kingine. Ukikipasua, Jumamosi usije. Na baada ya Jumamosi pia usije."

"Sawa, Mama."

Nilikata simu nikawaita vibarua. Kioo tulikiondoa kwa uangalifu wa watu wanaobeba mgonjwa. Wengine walishika pembe, wengine waliweka magunia chini, Okedi akihesabu ili tuinue pamoja. Kikainuka vizuri. Kikasogea vizuri. Tulipokilaza juu ya magunia kilitoa sauti ndogo tu, na ufa ukatembea kutoka pembe hii hadi pembe ile bila haraka yoyote.

Okedi akakohoa.

"Marehemu alikuwa hakipendi sana," alisema.

Hivyo ndivyo nilivyopoteza kazi yangu, ingawa mwenye kazi alikuwa bado hajajua. Mtu wa plastiki tulimtoa tukamwegemeza ukutani, na kibarua mmoja akamvisha helmeti kwa usalama. Mashine ikapasua zege. Chini yake udongo ulikuwa laini, umelowa. Walichimba polepole mpaka ncha ya mgomba ikatokeza, nyeusi, imelegea. Nikawaambia wakome hapo. Kilichobaki kilikuwa cha Baba.

Quinton alimleta kwa gari la kukodi. Walipofika mlangoni nilikaa kando, maana sikujua marehemu anasimama wapi katika shughuli kama hiyo.

Ngoja niwaambie jambo. Jengo hili nimelichora kwa miaka mingi, na kila nilipochora ile njia ya kushuka, aliyekuwa akishuka kichwani mwangu alikuwa mzee huyu. Si waziri, wala si watalii. Nilipima upana wake nikimfikiria yeye na mtu mmoja wa kumshika mkono. Sikuwahi kumwambia. Nilitaka aone kwa macho yake.

Sasa alikuwa anashuka. Alimwegemea Quinton, akipumzika kila kona, na mimi nikifuata nyuma. Alisimama mbele ya reli. Alisimama mbele ya nyundo za mawe za wahunzi, akaigusa moja kwa kidole, kitu ambacho maandishi ukutani yanakataza.

"Mwambie aliyejenga," alimwambia Quinton, "nyumba ni nzuri, lakini haina mlango wa nyuma."

"Mwambie uko," nikasema. "Ni wa dharura. Uko kule kwa wavuvi."

"Anasema uko, Baba. Kule kwa wavuvi."

"Ah. Basi sawa."

Nilingoja aongeze neno. Hakuongeza. Lakini alisema nyumba ni nzuri, na nililisikia.

*

Chini kabisa vibarua walikuwa wamejipanga ukutani, helmeti mikononi. Baba hakutaka kushikwa. Aliketi kwenye ukingo wa shimo, akateremsha miguu yake iliyovimba mpaka ikagusa udongo, akainama, akaishika ile ncha kwa mkono wa kuume.

Ukumbi ulitulia hata ukasikia anavyohema.

Kwanza aliujaribu kidogo, kama mtu anayepima uzito wa mzigo. Mgomba ukasogea. Akafumbua mdomo aniite.

Udongo wa ubavuni ukaporomoka.

Haukuwa mwingi, labda ndoo chache. Ulimwagika juu ya mgomba, vumbi likapanda, na lilipotulia tuliona kitu kilichokuwa ndani ya ule ukuta wa udongo muda wote tuliokuwa tukimwaga zege, tukibishana na kulia kwa adabu.

Lilikuwa fuvu la kichwa. Kando yake kulikuwa na chungu kidogo chenye mistari shingoni. Na kutoka kwenye udongo mkono wa mifupa ulikuwa umetoka mpaka kwenye kiwiko, ukaanguka, ukalala juu ya mgomba wangu.

Niligeuka nikamtazama yule wa plastiki kule ukutani na helmeti yake. Nilimwonea aibu.

Wa kwanza kupata sauti walikuwa vibarua.

"Huyo ni Mteso," alisema mmoja. "Ona vile amelala karibu na chungu."

"Mteso wapi? Huyo ni Mkhayo, Mluhya wa hapa hapa. Hajahama."

"Nyinyi wote mnakosea," alisema wa tatu. "Ni wa Uganda. Alivuka bila karatasi."

Okedi hakuingia katika ubishi huo. Alikuja akasimama karibu nami, akasema bila kusogeza midomo, "Boss, tuinue tu huo mkono pole pole. Mzee avute. Tuurudishe vile ulikuwa. Nani atajua?"

Hapa ndipo ninapowaomba msinihukumu haraka. Nilijua mifupa ya namna ile ikoje. Iko kama chaki iliyolowa. Ukiishika inabaki vidoleni. Nilijua pia kwamba kwa miaka mingi nimezunguka nikiomba makumbusho ya watu yatuazime hata mfupa mmoja wa kweli, na kote nikaambiwa hapana. Juu ya ukuta uliokuwa nyuma yangu kulikuwa na maandishi makubwa, niliyoyapitisha mimi, yakimwomba mgeni awaheshimu waliotutangulia.

Na pale mbele yangu Baba alikuwa akihema, na daktari ametaja wiki.

"Inua," nikasema.

Okedi akapiga goti, akanyoosha mikono.

"Acha!"

Ilikuwa sauti ya Baba, ile ya zamani, ya kufukuza ng'ombe kwenye mahindi. Okedi akarudisha mikono kama aliyeungua.

"Quinton, muulize huyo mtu. Huyu aliyelala hapa ni nani?"

"Hatujui, Baba," nikamjibu mwenyewe, maana Quinton alikuwa bado ameukodolea macho ule mkono. "Ni wa kale sana."

Baba hakunitazama. Alingoja.

"Anasema hajui, Baba," Quinton akasema. "Ni wa kale."

"Ni mtoto wa nani?"

"Hawajui."

"Basi mwambie alilazwa kwa nyumba ya mtu bila kupiga hodi. Na sasa anataka mimi nimvunje mwenye nyumba mkono, ndiyo nipate mtoto wangu. Huyu pia alikuwa na baba. Sivunji."

*

Daktari Brendah Amollo ndiye mtaalamu wetu wa mambo ya kale. Yale maandishi ukutani ni yake. Alikuja kutoka Busia kwa pikipiki, bado amevaa aproni ya jikoni, akashuka ile njia akikimbia. Alipofika ukingoni alipiga magoti, akaziba mdomo kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka.

"Bwire," alisema, "huyu ni wa kweli."

"Najua."

"Tumejenga juu yake."

"Najua, Daktari."

Kisha akaona mgomba. Akaufuata kwa macho mpaka mwisho wake, akaukuta mkono wa mzee asiyemjua. "Na hii ni nini?"

"Hiyo ni mimi," nikasema. Nikamweleza yote. Kwa sifa yake, hakucheka. Mama yake ni wa huku kwetu, Port Victoria. Mambo haya anayafahamu.

"Unaweza kuuinua huo mkono?" nilimuuliza.

"Siwezi kuuinua. Kama ulivyo sasa utageuka unga. Lazima kwanza tutoe udongo kwa brashi, kidogo kidogo, tuchore kila mfupa ulipo, tukaushe, tupake dawa ishike. Tukishafika kwenye mgomba, mgomba utatoka wenyewe." Alinitazama kwa huruma. "Na kisheria ukumbi huu umefungwa kuanzia sasa. Mtu yeyote asiguse kitu."

Quinton aliinama, akamshika Baba begani.

"Baba, umesikia. Achilia, turudi nyumbani. Watatuita wakimaliza."

"Siachilii."

"Baba—"

"Wewe ni mwalimu. Fikiri. Nilishuka hapa kumtoa, na nimeshamshika. Nikiachilia sasa, si watu wa Adungosi tena wamemzika. Ni mimi."

Quinton alikaa chini palepale kwenye vumbi, na suruali yake ya shule. Alikuwa amesahau jambo hilo, au alilikumbuka na akatumaini Baba amelisahau. Vibarua walitikisa vichwa mmoja mmoja, Wateso kwa Waluhya. Hakukuwa na ubishi. Kila aliyekuwa mle ndani alijua kwamba ndivyo ilivyo.

Daktari Amollo alijaribu. "Mzee, ondoka tu. Nakuahidi hakuna mtu atakayeusogeza."

"Daktari, una watoto?"

"Ninao, mzee."

"Umewahi kumshika mmoja mkono akiwa kwa shimo, halafu ukamwacha ukaenda kunywa chai?"

Daktari alishusha macho.

Nikaona nitaharibikiwa na kila kitu nikinyamaza. Nikapiga magoti upande wa pili wa shimo, ambapo hangeweza kuacha kuniona, nikasema kwa sauti kubwa.

"Baba, achilia. Mimi sina neno. Nitakuwa nakuja langoni kila siku. Mama atanipitishia chakula pale chini, nitakula nikikuona. Nimeshazoea. Nenda nyumbani ukapumzike kitandani kwako. Achilia tu."

Alitazama ule mkono wa mifupa, na wake uliokuwa karibu nao.

"Quinton," alisema, "mwambie anyamaze. Sijamaliza kumtoa."

Nililia mbele ya vibarua wangu wote, kwa sauti, na sikujali nani ananiona.

Simu yangu iliita mfukoni. Ilikuwa Mama Gaudencia. Bila shaka kuna mtu alikuwa amemweleza habari ya kioo. Niliiacha iite mpaka ikachoka.

"Itachukua muda gani hiyo ya brashi, Daktari?" Baba aliuliza.

Daktari Amollo alinitazama mimi kwanza, kisha Quinton, akitafuta mtu wa kumsaidia kudanganya. Hakuna aliyemsaidia.

"Miezi, mzee."

Baba akatikisa kichwa taratibu, kama aliyetajiwa bei aliyoitarajia. Akaushika mgomba vizuri zaidi.

"Basi nileteeni kiti."